Kwaresima Bagamoyo: minyororo ya zamani, meseji za sasa

Mpenzi msomaji, mwambie kijana yeyote wa Dar "twende zetu Bagamoyo wikiendi" uone macho yake yanavyowaka. Kichwani kwake tayari kuna muziki, ufukwe, pweza na chupa baridi inayotoa jasho. Hatumlaumu, maana Bagamoyo ya kujirusha ipo, tena ni bomba. Lakini nani anakwenda Bagamoyo kusoma? Tena kusoma Biblia? Tena wakati wa Kwaresima, ambapo hata soda unaiangalia kwa mbali kama mke wa mtu?

Mimi nilikwenda. Kwaresima ya mwaka 2025, kuanzia Jumatano ya Majivu tarehe 5 Machi mpaka Pasaka tarehe 20 Aprili, nilikuwa mmoja wa watu kumi na watatu waliokuwa wakikutana kila Ijumaa jioni chini ya mwembe, kwenye eneo la Misheni, kusoma na kubishana. Naomba nikusimulie, kwa sababu yaliyotokea pale sijayaona kwenye kipeperushi chochote cha watalii.

Kilichonipeleka si utakatifu, usije ukanipamba. Binamu yangu kapanga chumba Bagamoyo, akapata kazi ya mkataba Dodoma ya mwezi mmoja na nusu, akaniachia funguo nimlindie kitanda, redio na sufuria zake. Kwa mtu anayeishi kwa kulipwa kwa makala, chumba cha bure ni bahati ya mtende. Nikafungasha begi.

SAFARI YENYEWE

Ukitoka Dar unapandia Makumbusho, unakaa dirishani, unavumilia foleni ya Mwenge na Tegeta. Ukishapita Bunju na kuvuka Mto Mpiji, umeshaingia Mkoa wa Pwani. Mapinga hiyo, Kerege hiyo, viwanja vyenye ukuta na mageti makubwa ya watu wa mjini wanaojenga kidogo kidogo. Baadaye minazi na miembe inaanza kuzidi nyumba, na upepo unabadilika harufu. Ni kama kilomita 70 tu, lakini unashuka stendi ukijua kabisa kwamba Kariakoo umeiacha nyuma.

Chumba chenyewe kipo Magomeni. Siyo ya Mapipa wala ya Kagera, ni Magomeni ya Bagamoyo. Mwenye nyumba ni bibi wa Kiislamu, mtu mzima kabisa, mwenye kanga mbili na ulimi mmoja mkali. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Unafunga?" Nikamjibu kesho naanza Kwaresima. Akacheka, "Basi umechelewa, sisi tumeshaanza."

MJI ULIOFUNGA MARA MBILI

Kweli bwana. Mwaka huo Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu kabla ya Majivu. Kwa hiyo kwa karibu mwezi mzima, Bagamoyo ilifunga mara mbili, Waislamu kwa mtindo wao na Wakristo kwa wao. Unaambiwa mchana ulikuwa mkavu! Vibanda vya chai vimefunikwa khanga, muuza chipsi kakunja mikono, soko la samaki pale pwani linanadi vibua na changu kwa sauti za watu wenye midomo mikavu.

Halafu jua likizama, mji unafufuka. Uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati. Bibi alikuwa ananiita, "Njoo ufuturu, wewe nawe si umefunga?" Nikimweleza kwamba funga yetu haiendi kwa saa kama yao, anasema hiyo ni shauri yangu na padri wangu, lakini muhogo utapoa.

DARASA CHINI YA MWEMBE

Kikundi chenyewe niliingia kwa kusikia tangazo kanisani siku ya Majivu. Katekista, ambaye wote tunamwita Mwalimu, alisema Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba kutakuwa na darasa la Kwaresima, hakuna ada, uje na Biblia na dawa ya mbu. Hilo la mbu hakutania.

Tulikuwa mchanganyiko wa ajabu. Mama mmoja anayekaanga samaki. Mzee aliyestaafu ukarani. Kijana mwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Wasichana wawili wanaosomea sanaa pale TaSUBa, kile ambacho wazazi wetu wanakijua kama Chuo cha Sanaa, kilichoanza mwaka 1981. Akina mama wengine watano, mlinzi mmoja wa usiku, na dereva wa bodaboda mwenye miaka kama ishirini na mitatu. Huyu ndiye alikuwa msomaji wetu. Akisoma, hata mbu wanatulia. Sauti nzito, taratibu, hakuna neno linalodondoka.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa tarehe 7 Machi. Tunafika, kumbe watu wana habari nyingine kabisa mdomoni. Mchana ule ule Roma ilikuwa imetangaza kwamba Bagamoyo imekuwa jimbo jipya la Kanisa Katoliki, limekatwa kutoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, na askofu wake wa kwanza ni Stephano Musomba, aliyekuwa askofu msaidizi wa Dar. Papa Fransisko aliyeunda jimbo hilo alikuwa kalazwa hospitali ya Gemelli. Mama wa samaki akapiga vigelegele, akakatisha katikati, akasema, "Jamani ni Kwaresima!" Tukacheka mpaka basi.

Mwalimu akatutuliza. Somo la siku hiyo, kwa kalenda ya Kanisa, lilikuwa Isaya sura ya 58, pale nabii anapowauliza watu wanaofunga huku wakigombana na kuwakamua vibarua wao kama hiyo ni funga au ni maonyesho. Kwa maneno yangu mwenyewe, nabii anasema funga ya kweli ni kumfungua mtu aliyefungwa na kumgawia chakula mwenye njaa. Kijana wa boda akasoma. Kimya. Mwalimu akauliza swali moja tu, akatwambia twende nalo nyumbani: "Hapa Bagamoyo, nani kafungwa?"

Mzee karani akajibu papo hapo, "Wale wa zamani." Mwalimu akasema, "Haya, wiki ijayo tutaanza na hao."

MTI ULIOMEZA MNYORORO

Ijumaa ya pili hatukukaa. Tulitembea. Wewe mpenzi msomaji ukienda Misheni, tembea vivyo hivyo taratibu, maana kila hatua ina kisa.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaanzisha Misheni hii mwaka 1868. Ndiyo misheni ya kwanza ya Kikatoliki Tanzania Bara. Pale pwani kuna msalaba wa kumbukumbu. Kuna mbuyu mkubwa wenye mnyororo unaochungulia kutoka kwenye shina. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa alifunga punda wake hapo, mnyororo ukasahaulika, na mti ukaendelea kunenepa ukaumeza. Leo kinaonekana kipande tu.

Kuna makaburi ya wamisionari, wengi wao waliokufa na homa wakiwa vijana wa rika langu. Kuna kanisa kubwa lililojengwa kati ya 1910 na 1914, na kuna mnara wa kanisa la zamani. Kwenye mnara huo ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa usiku mmoja, tarehe 24 Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka Chitambo, huko Zambia ya leo. Mwalimu alikuwa kafanya hesabu ya kalenda: Majivu ya mwaka ule yalikuwa tarehe 18 Februari. Kwa hiyo mwili ule uliingia Bagamoyo katika wiki ya kwanza ya Kwaresima. Livingstone akazikwa London kwa heshima zote. Chuma na Susi, waliomtembeza miezi yote ile, mazishini hawakuwepo.

Halafu tukafika mahali palipotunyamazisha. Misheni ilianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Wengine waliletwa baada ya meli za Waingereza kukamata majahazi. Wengine, wengi wao watoto, mapadri waliwanunua kwa fedha taslimu ili wawaache huru. Vizuri, si ndiyo? Lakini Mwalimu hakuishia hapo. Akatueleza kwamba ukishakombolewa unaishi kwa kengele: kengele ya kuamka, ya sala, ya shamba, ya kulala. Ndoa ilipangwa pale pale misheni. Padri mmoja Mmarekani, Paul Kollman, ameandika kitabu kizima kuhusu habari hizo mwaka 2005, na anaonyesha kwamba walikuwepo waliobaki wakaujenga ukristo wa nchi hii, na walikuwepo pia walioamua kuondoka, jambo ambalo mapadri hawakulifurahia.

Msichana mmoja wa TaSUBa akauliza, "Sasa Mwalimu, mtu akikununua ili uwe huru, wewe ni wa nani?" Mwalimu akajikuna kidevu. Hakujibu. Mimi nikaandika swali hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari.

Ili tusiwaonee mapadri, Mwalimu akaongeza kisa kingine. Mwaka 1888 na 1889, Abushiri bin Salim alipopigana na Wajerumani katika pwani hii, Misheni ilifungua milango kwa maelfu ya watu waliokimbia vita, na Abushiri hakuigusa. Wajerumani walimnyonga Pangani Desemba 1889. Na mji wenyewe haukuwa wa watumwa peke yao. Wapagazi waliotoka bara na pembe za ndovu, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Ndiyo maana mpaka leo watu hawakubaliani jina Bagamoyo linasema nini: ni mpagazi anayetua mzigo na kupumzisha moyo, au mtumwa anayeuacha moyo wake ufukweni? Kila mtu ana jibu lake, na kila mtu anabisha.

BIBI NAYE ANA LAKE

Usiku ule nikamsimulia bibi wakati wa futari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akauliza, "Na habari za Sheikh Ramiya wamekwambia?"

Hawakuniambia. Basi kaa nikwambie na wewe. Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Kongo. Alinunuliwa na mtu wa ukoo tajiri wa hapa, akina Lamki. Alikua akifanya biashara ndogo ndogo na kusoma dini kwa bidii, mpaka yeye mwenyewe akafungua madrasa. Akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, mtu anayefuatwa na wanafunzi kutoka mbali, na wale wale waungwana ambao zamani wasingekaa naye jamvi moja wakawa wanambusu mkono. Alifariki mwaka 1931, na Bagamoyo haijamsahau.

"Unaona?" bibi akasema. "Waliomnunua hawakumpa usheikh. Aliupata darasani. Na nyinyi si mna darasa? Someni."

MESEJI

Ijumaa ya tatu, tarehe 21 Machi. Tulikuwa tunasoma Injili ya Jumapili iliyokuwa inakuja, ile ya mtini usiozaa, ambapo mwenye shamba anataka ukatwe na mtunzaji anamsihi ampe mwaka mmoja zaidi. Kijana wa boda anasoma. Yuko katikati, simu ya mama wa samaki ikalia, tiii. Halafu ya mzee karani. Halafu ya wasichana wa sanaa. Simu tisa, moja baada ya nyingine, chini ya mwembe mmoja!

Meseji ilikuwa moja. Ilimtaja kijana wetu kwa jina lake kamili, ikasema ni tapeli, kakopa na kukimbia, na wewe uliyepokea ujumbe huu mwambie alipe, la sivyo picha yake itasambazwa. Nilimwona akisoma kwenye nyuso zetu kabla hajaona simu. Akafunga Biblia, akaiweka juu ya benchi, akapanda pikipiki yake akaondoka. Hakuna aliyesema kitu.

Kisa chenyewe tulikuja kukijua baadaye, na wewe unakijua maana mtaani kwenu kipo. Aliugua malaria wiki nzima, pikipiki si yake, tajiri anataka hesabu. Akapakua programu ya mkopo kwenye simu. Aliomba shilingi 100,000, akapewa 70,000 mkononi, nyingine "gharama", arudishe zote ndani ya siku saba. Siku saba zikafika, akakopa programu ya pili kulipa ya kwanza, kisha ya tatu kulipa ya pili. Deni likawa 260,000. Na siku anapakua alibonyeza kukubali wasome namba zote zilizomo kwenye simu yake. Hapo ndipo walipotupata sisi.

Mambo haya hayakuanza Bagamoyo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na kuonya juu ya namna zinavyodhalilisha watu. Ukiongeza na mikopo ya mkononi tunayoiita kausha damu, ambayo mama zetu wanalipa kila siku jioni, utaona kwamba swali la Mwalimu la Ijumaa ya kwanza lilikuwa limejibiwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi matanga yenyewe yanatangazwa kwa meseji kwa ukoo mzima.

NDUGU MKUBWA AMESIMAMA NJE

Ijumaa iliyofuata, tarehe 28, kiti chake kilikuwa kitupu. Injili ilikuwa ya mwana mpotevu. Mwalimu akasoma mwenyewe, vibaya, maskini.

Mama wa samaki akafungua mjadala: tumchangie. Hapo kasheshe likaanza. Kijana wa kibanda cha pesa akasimama kabisa. "Mimi nimejinyima soda, nimejinyima bando, natunza hela ya watu kila siku na sijawahi kugusa shilingi. Yeye anatafuna mikopo mitatu, halafu nimlipie mimi? Dawa ya deni kulipa, na anayelipa ni aliyekopa." Watu wawili watatu wakaitikia kwa vichwa. Na mimi nakwambia kweli, hoja yake ilikuwa na miguu.

Mwalimu hakumkemea. Akamwomba asome tena ile Injili kuanzia pale ndugu mkubwa anaporudi kutoka shambani, anasikia ngoma, anagoma kuingia. Akasoma. Akafika mwisho, akakaa chini, akatazama miguu yake muda mrefu.

Halafu mzee karani akaleta kikwazo kingine: kisanduku cha Kwaresima kina wenyewe, ni cha wagonjwa na yatima wa parokia, hakiguswi. Wote tukakubali. Kama ni mchango, utoke mfukoni, nje ya sadaka.

Aliyemaliza ubishi ni yule msichana wa sanaa. Akasema, "Sawa, tuchange. Lakini tukumbuke lile swali. Tukimlipia, asije akawa mtu wetu. Asije akaambiwa afagie, aimbe, ashukuru mbele ya watu, abebe kila mama sokoni bure. Tusimtoe kwa wale tukamfunga kwetu."

Mpenzi msomaji, mimi nimekaa mikutano mingi ya harusi na misiba, sijasikia hoja nzito kama ile. Tukapitisha masharti matatu. Hakuna orodha ya nani katoa nini. Hakuna kumshukuru mtu. Na hakuna kulitaja tena jambo hili, wala kwa utani. Bahasha ilizungushwa gizani, ikarudi na shilingi 92,000. Kijana wa kibanda cha pesa naye aliishika. Sijui aliweka ngapi, na kwa masharti yetu sitakiwi kujua.

Kumbe hatukuwa peke yetu. Mama wa samaki na mzee karani walipokwenda kijiweni kwake siku ya pili, waliwakuta madereva wenzake, karibu wote Waislamu, wanafuturu kwenye mkeka mmoja. Nao walikuwa wamepata ile meseji. Nao walikuwa wameshachanga 60,000 kutoka mfuko wao wa kijiwe, ule wa kusaidiana mtu akipata ajali. Zikawekwa pamoja. Wenzake wakamsogezea sahani, akala.

Jumatatu tarehe 31 ikawa Idi. Siku mbili baadaye akalipa kwa zile programu kile alichopokea mkononi na gharama ya mwanzo. Vilivyozidi, vile vilivyokuwa vinapaa kila usiku, hakulipa. Mzee karani, aliyekula chumvi nyingi katika kuandika barua za serikali, alimsaidia kuandika malalamiko, namba na tarehe zote zimepangwa. Meseji za matusi ziliendelea wiki mbili hivi, kisha zikakatika zenyewe.

MAWE

Tarehe 4 Aprili alirudi. Alikuja kabla ya watu wote, akakaa mwisho wa benchi. Mwalimu akamsukumia Biblia kama kawaida, bila hotuba.

Injili ya wiki ile ilikuwa ya yule mwanamke aliyeletwa katikati ya umati, watu wameshika mawe. Kalenda ndiyo iliyoiweka pale, sisi hatukuichagua. Kijana akaanza kusoma, sauti yake ile ile. Alipofika pale watu wanapoondoka mmoja mmoja, kuanzia wazee, alisimama kidogo. Mama wa samaki alikuwa anaangalia simu yake mapajani. Akaizima, akaitia kwenye pochi. Wengine nao wakazima. Akaendelea mpaka mwisho.

Siku hiyo hatukubishana. Tulikaa tu mpaka mbu wakatufukuza.

Wiki Kuu ikaja na matawi yake, na ibada ndefu za Alhamisi na Ijumaa, na mkesha wa mishumaa. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, kikundi kizima kilikwenda ufukweni na sufuria la pilau, na mimi soda yangu ya kwanza baada ya siku arobaini, baridi ile mbaya. Kijana wa boda alikuwa anabishana mpira na yule wa kibanda cha pesa, kila mmoja anataka kumshinda mwenzake kwa sauti. Saa tano hivi za asubuhi simu zikaanza kulia tena, moja baada ya nyingine. Nilimwona anashtuka. Lakini safari hii haikuwa yeye. Papa Fransisko, yule aliyeipa Bagamoyo jimbo akiwa kitandani hospitalini, alikuwa amefariki asubuhi ile.

Tukasimama, Mwalimu akaomba kijana wetu aanzishe sala. Akaanzisha.

Jioni nilipoingia uani, bibi alikuwa amekaa mlangoni na redio yake. Akaipunguza sauti. "Pole, mjukuu wangu. Nimesikia mzee wenu katutoka. Kaa, kuna muhogo."

Ukitaka kwenda, Misheni iko wazi kwa wageni, na jengo la zamani la masista, la mwaka 1876, ndiyo makumbusho. Nenda siku ya kazi asubuhi, kabla ya mabasi ya shule. Na ukipata nafasi wakati wa Kwaresima, uliza darasa lipo siku gani. Beba dawa ya mbu. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakupeleka Kaole.